Safari Niliyompa Mume Wangu

Mimi ni mtu wa hasira, lakini hasira yangu haipigi kelele. Inaandika. Mwaka wa 2007 nilipata kibarua kilichoifaa sana tabia hiyo. Msichana mmoja wa chuo kikuu alifika mtaani kwetu Bondeni akitafuta mtu wa kumsaidia kujaza fomu nyumba kwa nyumba, na mwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga akamleta mlangoni kwangu, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na cherehani yangu ilikuwa imekaa wiki tatu bila nguo ya kushona.

Msichana yule alikuwa akichunguza namna watu wa nyumba moja wanavyogawana kazi, na jinsi mgawanyo huo unavyoamua nani atoke nje, aende wapi na mara ngapi. Alisema majibu yote yangeingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ingeweza kukisia mambo: ukimwondolea mama wa nyumba kazi ya kuchota maji, ni safari zipi zitakufa, zipi zitazaliwa, na ni nani atakayezirithi. Alieleza kwa bidii, huku akichora mishale kwenye daftari. Nilimsikiliza kwa adabu na kuwaza kwamba huyu bado hajaolewa.

Kila nyumba ilipewa karatasi za siku saba. Kila aliyetoka nje ya ploti aliandikwa: ni nani, ametoka saa ngapi, ameenda wapi, kufanya nini, kwa miguu au kwa gari, amerudi saa ngapi. Safu ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Iliuliza kama mtu mwingine wa nyumba hiyo angeweza kuifanya safari hiyo. Ulitakiwa kuweka alama chini ya Ndiyo au chini ya Hapana.

Nilicheka sana mwezi ule. Kulikuwa na mzee mmoja wa laini ya pili ya vyumba aliyeniambia kwamba yeye hutoka mara nne kwa siku kwenda kutafuta riziki. Nikaandika. Mkewe akasema kutoka ndani, bila hata kuinua sauti, "Andika drafti. Hizo zote nne, andika drafti." Mzee akatazama viatu vyake. Nilifuta, nikaandika drafti, na kwenye safu ya mwisho nikaweka Ndiyo, maana vifuniko vya chupa angeweza kuvisukuma mtu yeyote.

Kisha ikafika zamu ya nyumba yangu mwenyewe, na kicheko kikaisha.

Tulikuwa wanne katika vyumba viwili: mume wangu, mama yake, binti yetu wa miaka saba, na mimi. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika duka la vyuma la familia moja ya Kihindi mjini. Ukurasa wake ulikuwa msafi kama sare ya Jumatatu. Kazini, nyumbani. Kazini, nyumbani. Jumapili, kanisani. Wangu ulijaa, nikageuza nyuma, nyuma kukajaa pia. Maji asubuhi, maji jioni. Kumpeleka mtoto shule, kumchukua. Kinu cha unga. Soko. Kumpeleka mama mkwe kliniki ya presha, kurudi kwa sababu daktari hayupo, kwenda tena kesho yake. Nilipomaliza kujumlisha nilikuwa nimetoka mara thelathini na moja, naye mara saba.

Nilimwekea karatasi mbili mezani, kando ya sahani. Alizisoma akifuata mistari kwa kidole huku anakula.

"Kweli ni nyingi," akasema, kisha akaomba chumvi.

Angebisha ningemmaliza. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima. Lakini mume wangu si mtu wa kubisha, na hilo ndilo lililonichemsha zaidi, kwamba angeweza kukubali jambo zima na kuendelea kutafuna. Nilimuuliza ugali anaoula umetembea kilomita ngapi. Nilimwambia kwamba mama yake ni mama yake, si wangu. Hilo nilijuta papo hapo, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi pale pale akichambua maharagwe, na alikuwa amenitendea mema tangu siku niliyoingia kwake. Hakuinua kichwa.

"Basi gawanya tena," mume wangu akasema. "Nipatie zangu. Mimi sijakataa."

Jumapili hiyo baada ya kanisa tukakaa na fomu safi. Akachukua maji ya wikendi. Akachukua soko la Jumamosi. Akachukua kliniki ya mama yake, akisema ataomba ruhusa kwa tajiri wake, na tajiri baadaye alimpa bila shida. Nikaendelea kushuka na kalamu mpaka nikafika kwenye safari ya kwa mama yangu.

Mama yangu mzazi aliishi juu ya Elburgon, kwenye ekari mbili za shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu. Kila likizo binti yetu alienda kukaa naye, na mimi ndiye niliyempeleka na kumrudisha. Ilikuwa safari ya kuchosha: gari la kwanza mpaka Elburgon, la pili ambalo haliondoki mpaka lijae, halafu saa moja na nusu kwa miguu kwenye tope linaloshika kiatu. Kwa hiyo nililala huko usiku mmoja kila mara na kurudi kesho yake.

Kwa watu wa mume wangu, wanaotoka upande wa magharibi, mwanamume halali chini ya paa la mama mkwe wake. Si jambo la kujadiliwa. Anaweza kumsalimia kwa mbali kidogo, anaweza kulishwa nje, lakini kulala mle ndani ni kumvunjia heshima yule mama na kuwaletea watoto mkosi. Kwa watu wangu mambo hayo hayana uzito namna hiyo, ila mama yangu aliyaheshimu, na alijivunia kuwa na mkwe anayemheshimu kiasi hicho.

"Hiyo hapana," mama mkwe akasema alipoona kalamu yangu imesimama. "Hiyo ni yako, binti yangu."

"Kwa nini iwe yangu? Mtoto ni wetu sote."

"Unajua hawezi kulala huko."

"Si lazima alale. Ataondoka asubuhi, jioni yuko hapa."

"Na akichelewa?"

"Asichelewe," nikasema.

Nitaliandika hili wazi, maana nimelificha vya kutosha. Nilijua. Nilikuwa nimeifanya safari ile miaka minne na nilijua haitoshi siku moja ila kwa mtu wa kukimbizana nayo. Nilitaka akimbizane nayo. Nilitaka arudi nyumbani siku moja akiwa na tope hadi magotini na aniambie, bila kuulizwa, kwamba amechoka. Mume wangu alitazama karatasi, akamtazama mama yake, akasema ni sawa, atajaribu. Nikaweka alama chini ya Ndiyo. Karatasi ya chuo ilienda zake, na nakala yetu nikaibandika nyuma ya mlango.

Mgawanyo ule ulifaulu, nisiseme uongo. Wanawake wa sokoni walimcheka Jumamosi ya kwanza, wakamwita Mama Nani kana kwamba ni mwanamke mwenzao, wakamuuzia mboga ya sukuma iliyokauka. Jumamosi ya tatu alikuwa anakataa fungu baada ya fungu na kunusa nyanya. Kliniki alirudi na mama yake wakicheka jambo ambalo hawakutaka kuniambia. Mimi nikapata saa za kushona, nikashona sare za watoto wa nusu ya laini yetu. Jioni tulikuwa tunaongea kama watu waliofahamiana karibuni na kupendana.

Mwanzoni mwa Desemba alimpeleka mtoto kwa shosho yake, mama yangu. Aliondoka alfajiri, akarudi saa mbili usiku akiwa na tope hadi magotini kama nilivyotaka, na gunia dogo la minji, njegere za mama yangu, begani. Hakusema amechoka. Alisimulia jinsi mama yangu alivyomwekea kigoda nje chini ya mabati, akawa anampa mtoto sahani ailete, na jinsi walivyosalimiana kwa kupiga kelele kama watu wa mabonde mawili. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Na nikaona haya kidogo, lakini haya ya kupita tu.

Halafu ikaja wiki ya uchaguzi.

Tulipiga kura Alhamisi, sote watatu katika foleni moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amempa nani. Ijumaa matokeo hayakuja. Jumamosi hayakuja. Kwenye ploti watu walikuwa wameanza kusalimiana kwa uangalifu, na redio zilikuwa zikiongea kutoka kila mlango bila mtu kuimba. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na mtoto alikuwa bado kwa mama yangu.

Mume wangu alisema angeenda kumchukua Jumapili asubuhi. Nilimwambia tungoje mambo yatulie.

"Tukingoja watafunga barabara," akasema. "Wacha nimtoe sasa."

"Basi niende mimi."

Akaonyesha nyuma ya mlango kwa kidevu, akitabasamu. "Ni yangu. Si uliandika mwenyewe?"

Alikuwa ananitania. Hakukuwa na kinyongo ndani yake hata chembe. Lakini mimi neno kama hilo huniingia vibaya, nikamfungia chapati mbili kwenye gazeti bila kumtazama, naye akaondoka.

Saa kumi na nusu jioni mama yangu alinipigia, kwa simu ya jirani yake. Aliongea kwa lugha yetu, haraka, kama mtu anayeogopa simu itakatika.

"Amefika amechelewa, magari ni machache. Amekataa kuingia. Nimemwambia hakuna gari la kurudi saa hii, alale. Amesema hawezi. Nimemwambia basi mimi nitaenda kulala kwa jirani, yeye abaki ndani na mtoto. Amesema hawezi kumtoa mama mkwe wake katika nyumba yake."

"Sasa wako wapi?"

"Wameenda. Amembeba mgongoni."

"Mama, mbona hukumshikilia mtoto?"

"Ni mtoto wake," akasema, na simu ikakatika kweli.

Matokeo yalisomwa jua linazama. Upande mmoja wa ploti watu wa kwetu walipiga vigelegele, upande wa pili watu wa kwao mume wangu walifunga milango, na sisi tuliokuwa na pande zote mbili chini ya mabati yetu tulizima redio. Nilipiga simu ya mume wangu. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao iliniambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Nilipiga mpaka salio likaisha, na asubuhi madukani hakukuwa na kadi za simu, wala mkate, wala mwenye duka.

Siku mbili nilikaa na mama mkwe wangu tukiwa hatujui chochote. Aliomba Mungu kwa lugha yake, mimi nikaomba kwa yangu, na sote wawili tuliomba chini chini kwa sababu ya majirani. Hata mara moja hakuniambia kwamba alinionya. Angesema, ningepata pa kumjibu. Badala yake alipika, akanipakulia, akasukuma sahani mbele yangu akisema, "Kula, ili wakija wakukute na nguvu."

Siku ya pili nilienda uwanja wa maonyesho, kwa sababu nilisikia watu wa juu, waliofukuzwa mashambani kwao, wanashushwa huko. Matrekta na malori yalikuwa yanaingia yamepakia magodoro, kuku, mashine za kukamulia, bibi wazee waliofunikwa mashuka. Nilipita gari hadi gari nikitafuta koti la kahawia na mtoto wa sweta nyekundu. Mama mmoja wa Elburgon aliketi juu ya gunia la viazi, akanisikiliza hadi mwisho.

"Njiani wanauliza kitambulisho," akasema. "Wakiona jina hawaelewi, wanakuuliza kwa lugha. Ukijibu vibaya unashushwa."

"Kwa lugha gani?"

"Inategemea umefika wapi, mathe."

Binti yetu alikuwa amekaa wiki nne na shosho yake. Kila likizo ilipoisha alirudi hasemi chochote ila lugha ya mama yangu, ametia na methali za kizee ndani yake, na ilichukua wiki nzima kabla Kiswahili hakijamrudia. Nilikuwa nikijigamba nayo. Niliwaambia wateja wangu kwamba mtoto wangu anaongea kama mwanamke wa miaka sabini. Na sasa alikuwa barabarani na baba ambaye jina lake lingemtia hatarini kwenye kizuizi kimoja, na ulimi wa mtoto mwenyewe ungewatia hatarini wote wawili kwenye kinachofuata. Nilirudi nyumbani nikikimbia, ingawa nyumbani hakukuwa na cha kukimbilia.

Walifika siku ya tatu, mchana. Niliwaona kutoka mlangoni wakija kwa uchochoro wa kando ya mfereji, yeye mbele bila koti, mtoto nyuma yake ndani ya koti, mikono ya koti ikiburuta chini. Mama mkwe ndiye aliyepiga ukelele, si mimi. Mimi nilimbeba mtoto na kumnusa shingo, alinuka moshi na mafuta ya gari, na nikamuuliza kama ameumia popote. Akatikisa kichwa. Mume wangu alikunywa maji vikombe vitatu akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni na kuegemea mlango.

Habari yenyewe aliitoa vipande vipande, kwa siku kadhaa, kila mara akiwa na kazi mkononi.

Walipata lori la kabichi lililowashusha mbele kidogo ya Elburgon. Kizuizi cha kwanza kilikuwa cha vijana wa kwetu, wa upande wangu. Walikuwa na mapanga na mawe barabarani. "Boss, kitambulisho," wakasema. Walisoma jina, wakatazamana, mmoja akamuuliza jambo kwa lugha yetu. Mume wangu anajua salamu tu. Mtoto ndiye aliyejibu, kutoka mgongoni mwake. Aliwaambia kwa ile sauti yake ya kizee kwamba huyu ni baba yangu, tumetoka kwa shosho, tunaenda kwa mama. Akawauliza kama wazazi wao ni wazima. Wale vijana walicheka. Mmoja alimpa mtoto njugu. Wakasogeza jiwe.

Mbele, kabla ya kufika Njoro, aliona moto mwingine barabarani na akajua kutokana na nyimbo kwamba hawa si wale. Alimshusha mtoto chini, akapiga magoti mbele yake, akamwambia, sasa usiongee tena kama shosho. Hata neno moja.

"Akaniuliza kwa nini," mume wangu akaniambia. Alikuwa anaunga mpini wa jembe, hakuinua macho. "Na aliuliza kwa hiyo hiyo lugha."

Watu walikuwa karibu. Kwa hiyo alimbeba tena, safari hii kifuani, akamfunika kichwa kwa koti, akamziba mdomo kwa kiganja. Alipita kizuizi kile chote hivyo, akijibu maswali kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, akisema mtoto ni mgonjwa, ana homa. Mtoto alihangaika mwanzoni, kisha akatulia. Alitulia kabisa hata baba yake akaogopa, akalegeza vidole ili ajue kama anapumua. Baadaye walilala siku mbili katika kanisa moja Njoro pamoja na watu wa kila aina, na kila mtoto alipofungua mdomo baba yake alimtazama tu, naye akaufunga. Siku ya tatu lori lenye askari liliwaleta mjini.

Nyumba ya mama yangu haikuguswa wiki ile. Angelala pale usiku mmoja, wangeamka, wangekunywa uji, wangengoja. Nililiwaza hilo asubuhi na jioni. Najua pia kwamba kama ningeenda mimi, ningelala, kisha kesho yake ningeshuka na mtoto hadi kizuizi cha pili, na huko lugha yangu isingenifaa. Majirani waliniambia hivyo ili kunituliza. Sikutulia. Safari mbili nilizoziwaza kichwani, ile yangu na ile yake, hazikuwahi kulingana hata nizipange vipi.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani anavaa viatu.

"Ungelala tu," nikamwambia. "Usiku mmoja. Nani angejua?"

Alifunga kamba ya kiatu kimoja, akaanza cha pili.

"Ulijua silali kule," akasema. "Tangu siku ile ya kugawanya. Mimi nilijua unajua. Nikafikiri una sababu yako."

Hakusema kwa ukali. Aliniangalia kama mtu anayengoja kuelezwa sababu hiyo, kwa nia njema, maana miezi yote ile alikuwa ameamini kwamba ipo. Nilichukua ndoo, nikaenda maji, na ilikuwa siku yake ya maji.

Katika kuhangaika na hayo yote sikuona mapema jambo la mtoto. Nilidhani amechoka. Alikula, alilala, alimsaidia nyanya yake kuchambua mboga, aliitika kwa Kiswahili alipoitwa. Nikafurahi hata, kwamba mwaka huu Kiswahili kimemrudia haraka.

Kisha kadi za simu zikapatikana tena, na mama yangu akapiga. Ilikuwa alasiri. Mume wangu alikuwa kazini, duka limefunguliwa nusu mlango, na mama mkwe amejilaza. Mtoto alikuwa mezani akila kiazi kitamu, mikono imetoka kuoshwa. Mama yangu hakutaka kujua habari zangu. Alitaka kusikia sauti ya mjukuu wake, neno moja tu, ili aweze kulala.

Nilimnyooshea simu. "Ni shosho. Msalimie."

Alitikisa kichwa.

"Msalimie tu."

Aliweka kiazi chini, akaficha mikono chini ya meza. Nikarudisha simu sikioni na kuanza kumweleza mama yangu kwa lugha yetu, kama nilivyomweleza mambo maisha yangu yote, kwamba yupo hapa, anakula, ameona haya kidogo, si unajua watoto. Nilisikia kiti kikisogea. Mtoto aliteremka, akaenda akafunga dirisha, akaja akapanda magotini kwangu, akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Alikibana kwa nguvu. Alikuwa ananitazama machoni na kutikisa kichwa polepole, kama mtu mzima anayemwonya mtoto. Nilijaribu kuongea naye, akabana zaidi, na mkono wake wa pili ukaja nyuma ya kichwa changu ili nisikitoe. Simu ilikuwa bado sikioni. Mama yangu alikuwa anauliza kwa ile lugha kama nimekata, kama bado nipo, akaniita jina langu la utotoni mara mbili, nami nikakaa kimya mikononi mwa binti yangu mpaka mama alipochoka kuita.